Mzigo wa Nyanda za Juu: Mpagazi, Debe, Lori na Bomba

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Kamwene, ninyi mlioko Iringa, Mafinga na Njombe. Ugonile, ninyi wa Mbeya, Tukuyu na Kyela. Natumaini taa imekwisha washwa, madaftari yako mezani, na kila mtu amepata mahali pa kukaa.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne, kwa herufi kubwa: MPAGAZI. DEBE. LORI. BOMBA. Nakungoja kidogo. Haya, wanafunzi, yasomeni kwa sauti, wote pamoja. Tena mara ya pili. Vizuri.

Leo tutazungumza habari za motokaa, jinsi zilivyofika katika nchi hii na mambo ya ajabu yaliyotokea. Lakini sitaki kuwachosha kwa majina ya viwanda vya Ulaya. Nitawauliza swali moja tu, na swali hili tutatembea nalo mpaka mwisho wa somo. Mzigo ukitoka pwani kuja huku kwetu milimani, yule anayeubeba anakula nini njiani, na anakula kiasi gani? Swali hili laonekana dogo, kama mchezo wa watoto. Lakini limegharimu maisha ya watu wengi, na hata leo lina sehemu yake katika bei ya sukari mnayonunua dukani.

Tuanze na neno la kwanza, mpagazi.

Kabla ya motokaa, mizigo yote ya kutoka pwani kuja Iringa ilibebwa kichwani na begani. Pengine mtu atauliza: kwa nini hawakutumia ng'ombe? Wahehe walikuwa na ng'ombe wengi, na Wanyakyusa vile vile. Sababu ni mbung'o. Huku juu kwenye baridi mbung'o hakai, lakini njia ya kutoka pwani hupita katika mabonde ya joto na mapori. Ng'ombe au farasi akiumwa na mbung'o pale, hupata ugonjwa wa nagana, hukonda, hufa. Kwa hiyo gari la kukokotwa na wanyama halikuweza kupita, akabaki mwanadamu.

Sasa shikeni kalamu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 27, na pengine zaidi. Tuseme mzigo huo ni unga. Tuseme mpagazi mwenyewe anakula kilo 1 ya unga kila siku, na anatembea kilomita 20 kwa siku, mwendo mzuri kwa mtu aliyebeba mzigo. Kama hana chakula kingine, mzigo wake utakwisha kwa siku 27. Lakini si lazima pia arudi kwao? Basi siku 13 za kwenda na siku 13 za kurudi. Zidisheni 13 kwa 20. Mmepata ngapi? Kilomita 260. Na kutoka Dar es Salaam mpaka Iringa ni kama kilomita 500. Maana yake ni kwamba mpagazi aliyekula mzigo wake mwenyewe asingeweza kufika Iringa na kurudi kwao. Angekuwa ameula wote kwa kwenda na kurudi, na bado hajafika Kitonga.

Ndiyo maana misafara ya zamani ilinunua chakula katika vijiji vilivyokuwa njiani. Na wakati wa vita hawakununua tu, walinyang'anya.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi hii. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Yalifika Tukuyu, yakapita Njombe, na mwezi wa Agosti yakaingia Iringa. Nyuma ya askari walifuata wapagazi, wakibeba risasi, unga, dawa na mahema. Pia kulikuwa na wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi wenzao, kwa sababu ile ile tuliyoipata katika hesabu yetu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki, na zaidi ya 90,000 walikufa. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, baridi na njaa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo vinywani mwa watu likawa Kariakoo. Mtu anayekwenda kununua vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, anatembea mahali palipochukua jina lake kutoka kwa watu hao.

Je, motokaa hazikuwapo? Zilikuwapo. Waingereza walileta motokaa nyingi, na miongoni mwake zile nyepesi za Ford. Wakati wa kiangazi zilisaidia sana. Mvua zilipoanza zilizama matopeni, na mzigo ukarudi kichwani pa mtu.

Basi hebu turudi nyuma kidogo, miaka michache kabla ya vita. Yuko Mjerumani mmoja, Luteni Paul Graetz, aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa motokaa, kutoka bahari ya mashariki mpaka bahari ya magharibi. Aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907. Motokaa yake ilitengenezwa makusudi katika kiwanda cha Gaggenau, Ujerumani, nayo iliinuliwa juu ili isigonge visiki. Alipita Tabora, akashuka mpaka Ziwa Tanganyika, akafika Bismarckburg, mahali tunapopaita leo Kasanga, katika Mkoa wa Rukwa. Kutoka hapo aliingia nchi ambayo leo ni Zambia, akaenda kusini sana, halafu magharibi, na tarehe 1 Mei 1909 akafika Swakopmund, kwenye pwani ya nchi ambayo leo ni Namibia. Alisafiri kilomita 9,500 hivi.

Watu walimshangilia sana, na kweli ilikuwa kazi kubwa. Lakini sisi tuko darasani, tupige hesabu. Kutoka siku aliyoondoka mpaka siku aliyofika ni siku 630. Gawanyeni 9,500 kwa 630. Jibu ni kama 15. Motokaa ya kwanza kuvuka Afrika ilikwenda kilomita 15 kwa siku! Mpagazi mwenye mzigo kichwani angeiacha nyuma.

Tena fikirini jambo hili. Mwaka 1907 hakukuwa na mahali pa kununua petroli katikati ya Tanganyika. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa haijafika hata Morogoro. Ilifika mwezi wa Desemba mwaka ule. Kwa hiyo petroli ya Graetz ilitangulizwa na kuwekwa akiba njiani, na huko ndani hakukuwa na mtu wa kuifikisha isipokuwa mpagazi. Motokaa ilikuja kuondoa kazi ya mpagazi, lakini haikuweza kutembea mpaka mpagazi ailetee chakula chake. Magazeti ya Ulaya yalimtaja Graetz. Kwa maoni yangu, nusu ya sifa ile ni ya watu waliotangulia na petroli vichwani.

Sasa neno la pili, debe. Hapa nitakaa kidogo, maana najua kila mtu darasani ana debe nyumbani.

Petroli na mafuta ya taa ya zamani hayakuja katika magari yenye tangi. Yalikuja melini katika makopo ya bati yenye pembe nne. Kila kopo lilichukua galoni 4 za Kiingereza, na makopo mawili yalitiwa katika sanduku moja la mbao. Mpagazi aliweza kuyabeba, na lori likaweza kuyapanga. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na neno lao la kopo la bati, na Waswahili wakalichukua, likawa debe. Mafuta yakiisha, debe halikutupwa. Lilitiwa mti wa kushikia juu, likawa chombo cha kutekea maji. Lilipasuliwa na kunyoshwa, likaezeka nyumba au kuwa mlango. Fundi alilikata akatengeneza kibatari na karai. Hata lile sanduku la mbao lilikuwa kiti cha mgeni.

Lakini kazi kubwa ya debe ilikuwa sokoni. Kwa kuwa makopo yote yalikuwa sawasawa, yakawa kipimo. Mahindi, maharage, ulezi, viazi, vyote vikapimwa kwa kopo la petroli. Hivyo mkulima wa Ismani aliyekuwa hajapata kupanda motokaa hata siku moja alipima mavuno yake kwa chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta.

Na hapa pana fedha, ndugu zangu, sikilizeni vizuri. Galoni 4 za Kiingereza ni lita 18 na kidogo. Lakini ndoo ya plastiki ambayo leo watu wengi huiita debe huchukua lita 20. Tofauti ni karibu lita 2. Mtu akinunua kwako madebe 6 kwa ndoo ya lita 20, amechukua lita 120. Akienda kuuza kwa kopo la zamani la lita 18, atauza madebe 6 na zitabaki lita 12. Hajalima, hajapalilia, amebadilisha chombo tu. Akijaza kwa kilemba, yaani akarundika juu ya mdomo wa ndoo, amepata zaidi. Na gunia likishonewa kilemba chake, ile tunayoiita lumbesa, hakuna anayejua tena ni madebe mangapi. Ndiyo maana mizani ni bora kuliko debe. Mwenye kusoma namba kwenye mizani hahitaji kubishana na mtu juu ya ukubwa wa ndoo.

Tuendelee. Neno la tatu, lori.

Baada ya vita vile Waingereza walitaka barabara moja ya motokaa kutoka Afrika ya Kusini mpaka Misri. Kundi moja la Waingereza, akiwamo mwanamke, Stella Court Treatt, liliondoka Cape Town mwezi wa Septemba 1924 kwa magari mawili ya Crossley, likapita Tanganyika, likafika Cairo mwezi wa Januari 1926. Miezi 16! Barabara waliyoitafuta ilitengenezwa kidogo kidogo, nayo ilipita hapa kwetu: kutoka mpaka wa Tunduma kuja Mbeya, Iringa, Dodoma, Arusha, mpaka Nairobi. Mji wa Mbeya wenyewe ulianza mwaka 1927, wakati watu walipokimbilia dhahabu ya Lupa, kule Chunya.

Lori la tani 3 lina kilo 3,000. Gawanyeni kwa mzigo wa mpagazi, kilo 27. Mtapata wapagazi 111. Watu 111 waliondolewa mzigo na gari moja, dereva mmoja na utingo mmoja.

Huyu utingo ana historia yake. Wengine humwita taniboi, hasa wenzetu wa Kenya, na neno hilo limetoka katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya kijana wa kuzungusha. Kuzungusha nini? Magari ya zamani hayakuwashwa kwa ufunguo. Mbele ya injini palikuwa na tundu, ukaingizwa mkono wa chuma uliopindwa, na mtu mwenye nguvu akauzungusha mpaka injini ikashika. Kazi hiyo ilikuwa na hatari. Injini ikikohoa, ule mkono wa chuma hurudi nyuma kwa nguvu na kuvunja kifundo cha mkono. Waliozoea waliweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, hawakukizungusha, ili chuma kikirudi kitoke mkononi bila kung'oa kidole. Huko Marekani, Charles Kettering alitengeneza mota ya umeme ya kuwashia injini, na motokaa za Cadillac zikaanza kuuzwa nayo mwaka 1912. Malori ya huku yaliendelea kuchukua ule mkono wa chuma kwa miaka mingi baadaye, kwa sababu betri hufa, lakini mkono wa mtu hauhitaji kuchajiwa.

Utingo alikuwa na kazi nyingine pia, nayo ni kuruka chini mlimani akiwa na kipande kikubwa cha gogo na kukitia nyuma ya gurudumu lori likishindwa kupanda. Kwa nini lilishindwa? Hapa pana jambo ambalo akina mama wa darasani wanalijua tayari. Akina mama, maharage ya Mbeya na maharage ya Dar es Salaam, yapi hukawia kuiva? Ya Mbeya. Mbeya iko juu ya bahari kama mita 1,700, na huko juu hewa ni nyepesi. Hewa ikiwa nyepesi maji huchemka mapema, kabla hayajawa ya moto sana. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100, Mbeya kwenye nyuzi 94 hivi. Maharage yanapikwa kwa maji yasiyo na moto wa kutosha, ndiyo maana hukawia. Na lori ni vivyo hivyo: maji ya rejeta huchemka upesi, mvuke ukatoka mbele kama birika. Zaidi ya hayo, injini huchoma mafuta pamoja na hewa. Hewa ikipungua, nguvu zinapungua. Injini ya zamani yenye nguvu za farasi 100 pwani, huku kwetu ilibaki na farasi 83 hivi. Mlima mkali zaidi, farasi wachache zaidi. Magari ya siku hizi yana mashine ya kusukuma hewa ndani ya injini, mafundi huiita tabo, nayo hupunguza taabu hiyo.

Na kabla hatujaiacha barabara ya udongo, niwaambieni jambo moja kuhusu matuta yale madogo madogo yanayofanana na bati la kuezekea, ambayo hutikisa gari mpaka meno yakagongana. Watu husema barabara imechongwa vibaya. Pengine, lakini si lazima. Wataalamu wamezungusha gurudumu juu ya mchanga uliosawazishwa vizuri kabisa, wakaona matuta yale yanatokea yenyewe, mradi gurudumu lipite kasi kuliko mwendo wa mtu. Gurudumu huruka kidogo, hutua, husukuma mchanga, na linalofuata huruka pale pale.

Sasa tufike mwaka 1965, wakati barabara yetu ilipojulikana dunia nzima, na si kwa uzuri.

Zambia ilikuwa imepata uhuru mwaka 1964, lakini haina bahari. Petroli yake ilipitia Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, wakiwaacha Waafrika walio wengi bila haki. Uingereza ikazuia mafuta yasiende Rhodesia, na Rhodesia nayo mwezi wa Desemba ikafunga mafuta ya Zambia. Nchi nzima ya Zambia ikawa haina petroli, na migodi yake ya shaba ikawa hatarini. Ndege zilianza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam. Lakini ndege ni ghali mno. Ikabaki barabara ya Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma.

Barabara hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Malori yalipita usiku na mchana yakiwa na mapipa ya mafuta, na yaliporudi yalibeba shaba ya kupelekwa melini. Wakati wa kiangazi vumbi lilifanya dereva asione gari la mbele. Wakati wa mvua malori yalikwama kwa siku nyingi, na mengine yalitumbukia mabondeni na moto ukawaka, kwa kuwa mzigo wenyewe ulikuwa petroli. Wazungu waliipa njia ile jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya ubia ya malori, yakaletwa malori makubwa ya Fiat kutoka Italia, yenye trela nyuma. Madereva wengi walikufa njiani humo, na majina yao hayakuandikwa kwenye mnara wowote ninaoufahamu mimi.

Je, mnalikumbuka swali letu? Yule anayebeba anakula nini njiani? Tupige hesabu ya mfano. Tuseme lori limebeba mapipa 40, kila pipa lita 200. Jumla ni lita 8,000. Kutoka Dar es Salaam mpaka miji ya shaba ya Zambia tuseme ni kilomita 2,000, na kurudi 2,000, jumla 4,000. Tuseme barabara mbaya inalifanya lori linywe lita 1 kwa kila kilomita 2. Basi litakunywa lita 2,000. Yaani, ukiwapelekea Wazambia lita 8,000, lori limekunywa kiasi cha robo ya mzigo huo. Ni mpagazi yule yule wa unga, amebadilika amekuwa chuma.

Ndipo likaja neno letu la nne, bomba. Kampuni ya Kiitaliano ilichimba na kulaza bomba la chuma kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, Zambia, urefu wa kilomita 1,710. Lilifunguliwa mwezi wa Septemba 1968. Linaitwa TAZAMA, jina linalotokana na Tanzania, Zambia na mafuta, ingawa Mswahili akilisikia hudhani anaambiwa aangalie. Kwa kuwa mafuta hayapandi mlima yenyewe, kuna vituo vya pampu vya kuyasukuma, na vituo hivyo viko Iringa na Mbeya pia. Bomba nalo halifanyi kazi bure, pampu zinakula nguvu. Lakini halikwami matopeni, halisinzii usukani, na halina haja ya kurudi Dar es Salaam tupu. Mwaka 2023 lilibadilishwa, badala ya mafuta ghafi likaanza kupitisha dizeli iliyo tayari. Lami nayo ilifika katika barabara yetu miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikakamilika mwaka 1975, ikipita Makambako na Mbeya.

Hata hivyo malori hayakwisha. Nendeni Tunduma mkaone foleni. Na huko ndiko kuliko na sehemu ya mwisho ya somo letu, sehemu ninayotaka muisikilize kuliko zote, hasa ninyi mnaopanda mabasi. Hatari kubwa ya milima yetu si kupanda, ni kushuka.

Aliyejifunza jambo hili kwanza alikuwa mwanamke. Mwezi wa Agosti 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz alichukua motokaa ya magurudumu matatu iliyotengenezwa na mume wake, Karl Benz, bila kumwambia. Aliwachukua wanawe wawili, wa miaka 15 na 13, akaenda kwa mama yake, safari ya kilomita 106 hivi. Hakuna mtu aliyekuwa amekwenda mbali hivyo kwa motokaa. Petroli ilimwishia njiani, akainunua kwenye duka la dawa, maana siku zile iliuzwa katika chupa kwa ajili ya kusafishia madoa. Mrija wa mafuta uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Kwenye milima watoto walishuka wakasukuma. Na kwenye miteremko breki zake za mbao ziliisha, mpaka akasimama kwa mshona viatu akamwambia agongomee vipande vya ngozi juu yake. Aliporudi alimwambia mumewe kuwa gari lahitaji gia nyingine ya milimani, naye akaiweka. Hivyo kabla motokaa haijaonekana Afrika, mama yule alikuwa ameona yote ambayo mlima Kitonga huwafundisha madereva: nguvu haitoshi kupanda, breki haitoshi kushuka.

Lori la tani 30 likishuka Kitonga, au mteremko wa Inyala, au wa Iwambi kule Mbalizi, breki zake hupata moto. Breki ikipata moto mno haishiki tena, hata dereva akanyage kwa miguu miwili. Dawa yake ni gia. Dereva hushuka kwa gia ndogo, ile ambayo angeitumia kupanda mlima ule ule, na injini yenyewe hulizuia gari. Tena huipunguza gia akiwa bado juu, si katikati ya mteremko.

Lakini wako madereva wanaoondoa gia kabisa ili gari litelemke lenyewe. Ukiwauliza, watasema wanapunguza matumizi ya mafuta. Ni tamaa ile ile ya kuokoa mzigo usiliwe njiani. Basi sikilizeni jambo la ajabu kuliko yote ya leo. Hawaokoi kitu! Katika magari ya siku hizi, gari likishuka likiwa ndani ya gia na dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, injini inazungushwa na magurudumu, na mafuta hukatwa kabisa, hayaingii hata tone. Ukiondoa gia, injini haina wa kuizungusha, kwa hiyo inalazimika kunywa mafuta ili isizime. Mwenye kuondoa gia anatumia mafuta zaidi kuliko aliyeiacha, na breki zake zinabaki peke yake na tani 30.

Ukiwa ndani ya basi juu ya mlima, ukasikia sauti ya injini imetulia ghafla na gari linaongeza mwendo, ujue gia imeondolewa. Una haki ya kusema. Mwite kondakta, mwambie: mwanangu, mwambie dereva arudishe gia. Kama wewe ni mzee na wao ni vijana, watakusikiliza kuliko wanavyomsikiliza kijana mwenzao. Na pale juu ya Kitonga pana vibao vya kuwaonya madereva. Safari ijayo visomeni ninyi wenyewe, kwa sauti, ili na jirani yako kitini asikie.

Hesabu ya nyumbani ni hii, mwalimu aiandike ubaoni. Mama amevuna mahindi madebe 30 kwa ndoo ya lita 20. Je, ni lita ngapi? Na akiyapima tena kwa kopo la lita 18, atapata madebe mangapi, na zitabaki lita ngapi? Majibu tutayasoma wiki ijayo, saa hii hii.

Kwaherini, mabibi na mabwana.